Utafiti wa utangamano vyuoni uanzie mabwenini

Kila inapotolewa ripoti kuhusu ukabila katika vyuo vikuu vyetu vya umma, gumzo linalofuata huwa ni lile lile: jamii ipi imejaa katika orodha ya mishahara, na ipi imeachwa nje kama yatima. Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilifanya ukaguzi wa aina hiyo mwaka 2012, ikaurudia mwaka 2016, na mara zote mbili ikadhihirika kwamba vyuo vingi vilikuwa vimeajiri kupita kiasi kutoka katika jamii zinazovizunguka. Sheria ya mwaka 2008 iliyoiunda tume hiyo inatamka waziwazi kwamba hakuna taasisi ya umma inayoruhusiwa kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Vyuo vikuu, ambavyo ndivyo vinavyowafunza mawakili wanaoifasiri sheria hiyo, vimekuwa miongoni mwa wanaoikiuka.

Hesabu hiyo ni ya lazima, na anayeibeza aghalabu ni yule anayenufaika kwa kutohesabiwa. Lakini yafaa tujiulize: baada ya kuhesabu, tumejua nini? Tumejua ni nani yumo. Hatujajua wanaishije. Chuo kinaweza kuwa na wanafunzi kutoka kaunti zote 47, na bado kila mmoja akale, akalala, akadurusu na akasali na wa kwao tu kwa muda wa miaka minne, kisha akavaa joho na kurudi nyumbani na dhana zile zile alizokuja nazo, isipokuwa sasa anazieleza kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Hili ndilo jambo ambalo utafiti wa kitaaluma umekuwa ukilishughulikia kwingineko kwa zaidi ya nusu karne, na ambalo idara zetu, pamoja na yangu ya isimu, zimeliacha kando kana kwamba ni kazi ya wanasiasa na viongozi wa dini.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alitoa kitabu kuhusu asili ya chuki baina ya makundi. Hoja yake iliyodumu ni kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Makundi mawili yakikutana, chuki hupungua pale tu ambapo wahusika wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanalazimika kushirikiana ili walifikie, na wenye mamlaka wanaunga mkono ushirikiano huo. Masharti hayo yasipokuwapo, kukutana kunaweza hata kuizidisha chuki, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama katika foleni ya maji yasiyotosha atalielewa bila kusoma kitabu. Mwaka 2006 watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 za namna hiyo kutoka nchi nyingi, wakaona kwamba kwa jumla mtagusano huo unapunguza chuki, na kwamba hupunguza zaidi masharti ya Allport yanapotimizwa.

Sasa tuyapime masharti hayo kwa mizani ya vyuo vyetu. Hadhi sawa? Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, na vyuo vingine vikafuata, tulipata madaraja mawili ya wanafunzi katika darasa moja. Uungaji mkono wa wenye mamlaka? Mwaka 2016 viongozi wa kisiasa wa eneo la Eldoret waliandamana hadi katika Chuo Kikuu cha Moi kupinga uteuzi wa kaimu makamu chansela kwa kuwa hakuwa mtu wa huko. Mwanafunzi aliyekuwa dirishani siku hiyo alipata somo ambalo halimo katika mtaala wowote, na sidhani kama amelisahau.

Katika tafiti zote ninazozifahamu, ule ambao ningependa kila mkuu wa bweni nchini auzingatie ulifanyika katika bara letu hili, katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Watafiti Lucia Corno, Eliana La Ferrara na Justine Burns walitumia jambo dogo ambalo chuo hicho kilikuwa kikilifanya tayari: katika mabweni yenye vyumba vya watu wawili, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipangiwa wenzao kwa bahati nasibu. Kwa hiyo baadhi ya Wazungu walijikuta wakiishi na Waafrika na wengine wakaishi na Wazungu wenzao, bila mtu kuchagua. Bahati nasibu hiyo ndiyo iliyoupa utafiti uzito. Mtu anayejichagulia rafiki wa kabila jingine huenda hakuwa na chuki tangu mwanzo, na hivyo urafiki wake hauthibitishi kitu. Lakini aliyepewa jirani na kura, mabadiliko yake yana sababu moja tu inayoonekana.

Watafiti hao hawakuridhika na kuwauliza vijana kama wanabagua, kwa sababu ni nani atakayekubali? Walitumia jaribio la kompyuta linalopima kasi ya mtu anapozihusisha sura na maneno mema au maovu, kasi ambayo ni vigumu kuighushi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba Wazungu walioishi na mwenzao wa rangi nyingine walipungukiwa na dhana potofu kuhusu Waafrika, na kwamba urafiki wa kuvuka mpaka wa rangi uliongezeka. Jambo ambalo wengi hawakulitarajia lilikuwa katika mitihani: wanafunzi Waafrika walioishi katika vyumba mseto walifanya vyema zaidi katika masomo yao. Kitanda cha pili chumbani kilikuwa na sehemu katika alama za mtihani.

Nchi hiyo hiyo ilikuwa imetuonyesha pia upande wa pili wa jambo. Mwaka 2008 ilifichuka filamu fupi iliyotengenezwa na wanafunzi wanne Wazungu wa bweni la Reitz, Chuo Kikuu cha Free State kilichoko Bloemfontein, ambamo waliwadhalilisha wafanyakazi Waafrika wa bweni hilo kwa lengo la kuukejeli mpango wa kuchanganya rangi mabwenini. Ulimwengu ulishtuka, na haki ilikuwa yake kushtuka. Kwa mtazamo wangu, tofauti ya visa hivyo viwili haimo katika wema wa watu wa Cape Town na uovu wa watu wa Bloemfontein. Kule Reitz kuchanganyika kulipokewa kama uvamizi wa ngome yenye mila zake, na wale wafanyakazi hawakuwa na hadhi sawa na vijana waliowacheza shere. Wasichana na wavulana wawili wa mwaka wa kwanza wanaogawana taa moja na meza moja wako katika hali tofauti kabisa.

Msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya rangi, na ya makaburu, nasi shida yetu ni kabila. Haya, turudi nyumbani.

Mwanauchumi Jonas Hjort alichunguza shamba moja la maua nchini Kenya, akachapisha matokeo yake mwaka 2014. Katika shamba hilo wafanyakazi walikuwa katika makundi ya watu watatu: mmoja aliwagawia maua wenzake wawili, nao wakayafunga. Ilidhihirika kwamba mgawaji alimpunguzia maua mwenzake asiye wa jamii yake, hata pale ambapo kwa kufanya hivyo alijipunguzia mapato yake mwenyewe. Zilipozuka ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini, upunjaji huo uliongezeka. Kisha shamba likabadilisha utaratibu, wale wafungaji wawili wakawa wanalipwa kwa jumla ya kazi yao wote wawili, na upunjaji baina yao ukaisha. Hakuna aliyehubiriwa. Hakuna semina iliyoandaliwa hotelini. Kilichobadilika ni namna ya malipo.

Kwa upande mwingine, kundi la watafiti lililofanya majaribio jijini Nairobi na kutoa matokeo yake mwaka 2020 liliwapa watu wa makabila mbalimbali michezo ya kugawana fedha na watu wasiowajua, likitafuta dalili za upendeleo wa kikabila. Halikuona upendeleo wa kutajika. Wengine waliushangaa utafiti huo, lakini mimi nauona ukiafikiana na ule wa shamba la maua. Ukabila wetu haumo katika damu. Huamka panapokuwa na kitu cha kugombea, na pakiwa na mtu anayetwambia kwamba jirani yetu anatunyang'anya. Na chuoni vitu vya kugombea havikosekani: vyumba, mikopo, viti vya chama cha wanafunzi, nafasi za kazi za msimu, hata viti vya mbele maktabani.

Utafiti wa tatu niutaje kwa kuwa unawahusu walimu. Mwaka 2004 Edward Miguel alilinganisha maeneo mawili jirani, Busia upande wa Kenya na Meatu upande wa Tanzania. Huko Busia, mahali palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, wazazi walichangia kidogo zaidi shule zao za msingi, na madarasa na vifaa vikaonekana kudhoofika. Huko Meatu mchanganyiko wa makabila haukuwa na athari hiyo. Miguel alihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa ambazo Tanzania ilizifuata tangu uhuru, mojawapo ikiwa Kiswahili. Ni wilaya mbili tu, na mwanaisimu mwangalifu hataruka kutoka hapo hadi kudai kwamba lugha peke yake hujenga madarasa. Hata hivyo, ni ushahidi ambao sisi tunaokipigania Kiswahili hatukuutafuta wenyewe. Umetoka kwa mwanauchumi wa ng'ambo, akitumia takwimu za madawati.

Nimeifikia lugha, na hapa naomba subira ya msomaji, maana ndiyo fani yangu.

Wallace Lambert, aliyefunza Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alifanya na wenzake jaribio moja lililochapishwa mwaka 1960 ambalo kila mwanafunzi wa isimujamii hulisoma. Aliwarekodi watu wenye kuzimudu sawasawa lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, wakisoma kifungu kimoja kwa lugha zote mbili. Kisha akawasikilizisha wanafunzi, baadhi wasemaji wa Kiingereza na baadhi wa Kifaransa, akiwataka wamkadirie kila msomaji: ana akili? anaaminika? ana sura nzuri? ni mrefu? Wanafunzi hawakujua kwamba sauti mbili walizozikadiria zilitoka katika kinywa kimoja. Mtu yule yule alipata alama za juu alipozungumza Kiingereza, na za chini alipozungumza Kifaransa. La kusikitisha zaidi ni kwamba wanafunzi Wafaransa wenyewe waliishusha sauti ya Kifaransa kuliko walivyoishusha Waingereza.

Jaribio hilo lingefanywa katika kumbi zetu za mihadhara lingetuonyesha nini? Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kijaluo, lugha isiyo na sauti ya sh, anaposema "sule" badala ya shule, ukumbi huangua kicheko. Yule wa Kikuyu, lugha isiyo na l, akiikosea, hali ni hiyo hiyo. Mzaha wa lafudhi ndio ukabila pekee unaoruhusiwa hadharani katika vyuo vyetu, na hata wahadhiri hushiriki. Kisayansi hakuna la kuchekesha. Kila mmoja wetu huingia katika lugha ya pili akiwa amevaa viatu vya lugha ya kwanza. Lakini kicheko hicho kina kazi yake: kinamfundisha kijana kwamba pahali salama pa kufungulia kinywa ni miongoni mwa wa kwao. Akishajifunza hivyo, tusishangae kumwona akitafuta chumba huko, na kikundi cha kudurusu huko, na hatimaye mgombea wa kumpigia kura huko. (Mwanafunzi kutoka Pwani hupata muujiza wake: lafudhi ile ile inayosifiwa katika mhadhara wa fasihi ya Kiswahili huwafanya wenzake wadhani kwamba hawezi hisabati.)

Hatukosi misingi ya kuanzia. Kitabu kilichohaririwa na Whiteley mwaka 1974 kilichora ramani ya lugha za Kenya. Carol Myers-Scotton alitumia mazungumzo ya Nairobi kueleza, katika kitabu chake cha mwaka 1993, jinsi wasemaji wanavyohama kutoka lugha moja hadi nyingine ili kusogeza au kusukuma mbali uhusiano wao na msikilizaji. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliandika mwaka 1997 kuhusu Sheng na Kingereza chake cha mseto, lugha ambazo vijana wa mitaa ya Nairobi wamezijenga wakiwa na makabila mengi uani. Mkenya anayebadilisha lugha mlangoni mwa chumba, anapoona nani yumo ndani, anafanya kitendo cha utangamano au cha utengano, na kitendo hicho kinaweza kurekodiwa, kuhesabiwa na kuchambuliwa. Kwa nini basi tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili zinaendelea kurundikana juu ya viambishi vya vitenzi, mada ambayo naipenda, lakini ambayo haina haraka?

Jambo hili lina haraka kwa sababu chuo kikuu kimekuwa, kwa Wakenya wengi, mahali pa kwanza pa kuishi na mgeni. Tangu mwaka 1985 sera ya kuzitengea jamii za karibu sehemu kubwa ya nafasi katika shule za upili iliwafanya vijana wengi wasome chekechea hadi kidato cha nne pasipo kuvuka mto wa kwao. Kisha tukajenga vyuo vikuu kila upande wa nchi, jambo jema kwa yule maskini aliyekuwa mbali, lakini kila chuo kikapata "wenyewe". Na kwa kuwa vitanda vya chuo havitoshi, wanafunzi walio wengi hupanga vyumba mitaani, ambako hakuna kura wala mkuu wa bweni. Huko kila mmoja hujitafutia mwenzake, na humpata kwa simu ya binamu.

Fikirini pia wanaosomea ualimu. Kijana huyo baada ya miaka minne atatumwa darasani, huenda katika kaunti ambayo hajawahi kuiona. Tume ya Huduma kwa Walimu ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu nje ya maeneo yao, zilisikika lawama nyingi, baadhi za haki kabisa, kuhusu familia kutenganishwa na usalama. Lakini chini ya lawama hizo palikuwa pia na hofu tupu ya jirani asiyejulikana. Hofu hiyo ilipita katika mikono yetu wahadhiri, tukaipa shahada.

Naijua hoja ya wanaotetea vyama vya wanafunzi wa eneo moja, na sitaki kuidharau. Vyama hivyo humpokea mgeni kwenye kituo cha basi, humchangia karo, na mwanafunzi akifariki huisindikiza maiti hadi kijijini wakati chuo kimetoa basi lisilo na mafuta. Ubaya wake si kuwapo kwake. Ni kwamba mwanafunzi mgeni hukuta chama cha kwao kimempokea kabla chuo hakijajua jina lake. Wala lugha za mama si adui; Katiba ya 2010 iliyokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi imeliagiza pia taifa kuzilinda lugha nyinginezo, katika kifungu hicho hicho cha 7. Anayezungumza Kitaita na nduguye hatengi mtu. Anayekizungumza mbele ya mwenzake wa chumbani asiyekijua, mwaka mzima, anatenga.

Tutafiti vipi basi? Si lazima tungoje fedha za wafadhili. Mara nyingi tumewaachia wageni watufanyie utafiti, wakauchapisha katika majarida ambayo maktaba zetu haziwezi kuyalipia, na wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Chuo kimoja tu kikikubali kuwapangia wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza vyumba kwa kura, kisha idara za isimu, saikolojia, sosholojia na elimu zikawafuatilia hadi mwaka wa nne pamoja na wenzao waliopanga mitaani, tutakuwa na jambo la kusema ambalo halikunukuliwa kutoka Cape Town. Tutauliza maswali kwa Kiswahili ili anayejibu asijipambe kwa Kiingereza. Tutarekodi lugha ya chumbani kwa ridhaa ya wenye chumba. Majina yatafichwa, maana katika nchi hii orodha ya makabila ikidondoka njiani huweza kuokotwa na mtu mbaya. Na matokeo, yawe matamu au machungu, yasomwe kwanza na wanafunzi wenyewe.

Inawezekana kura isilete mema. Inawezekana watu wawili waliopangwa kwa bahati wakagombana hadi wakatafuta kuhama, na urafiki wa mwaka wa kwanza ukayeyuka kampeni za chama cha wanafunzi zinapoanza. Hilo nalo ni tokeo, na bora tulijue.

Niongeze onyo dogo kwa wasajili ambao watanijibu kwamba tayari wanawachanganya wanafunzi kwa kufuata alfabeti, utaratibu usiompendelea yeyote. Majina ya Kenya hayako hivyo. Herufi O huwakusanya Wajaluo na baadhi ya Wagusii. Vitangulizi Kip- na Chep- huwapanga Wakalenjin mstari mmoja kama gwaride. M na W zina watu wake. Bweni lililopangwa kwa alfabeti ni bweni lililopangwa kwa kabila, na karani aliyelipanga hana habari. Orodha ya wanafunzi wapya imo katika kompyuta ya kila msajili kabla wageni hawajafika langoni na masanduku yao, na kompyuta hiyo hiyo inaweza kuipangua ovyo kwa dakika moja kabla ya funguo kugawanywa.